Kori Kumi na Mchanga wa Karasha

Kori anakonyeza. Msinicheke. Kaa mbele ya tangi dakika tano bila kutikisika, umwangalie yule kambare mdogo asiyezidi kidole chako cha kati, ametulia juu ya mchanga. Ghafla jicho linageuka chini na kurudi, kama mtu anayekupa ishara mnadani wakati unapatana bei ya ndama. Nimetunza matangi ya samaki kwa miaka kumi na tisa, kuanzia Tarime mjini mpaka Mugumu, kwenye nyumba za wageni, migahawa na majumba ya watu. Jicho lile likigeuka, bado nashtuka na kufurahi kama siku ya kwanza.

Nimestaafu kabla ya kufikisha miaka sitini, kwa sababu bega langu la kulia limechoka na ndoo. Nyie vijana ndio mnaonitumia picha za matangi kwenye simu na kuuliza, "Mama Chacha, kwa nini kori wangu wanakufa wiki ya kwanza?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa kidole kimoja. Leo nakaa nieleze yote, pamoja na makosa yangu, maana kuna kosa ambalo nina hakika mtu wa mji mwingine hawezi kulifanya. Ni letu sisi.

Kwanza tuelewane. Kori ndilo jina wanalotumia wauzaji wa samaki wa mapambo Dar es Salaam. Ni kambare wadogo wa mito ya Amerika ya Kusini. Wanaishi chini, kwa makundi, na mwili wao umefunikwa magamba magumu mithili ya vigae. Mdomoni wana sharubu, na sharubu hizo ndizo macho yao ya pili: wanazichomeka mchangani, wanapapasa, wanatafuta chakula. Kwenye tangi lenye majani mabichi, kundi la kori likianza kupekua mchanga kwa pamoja, utaacha chai ipoe.

Mimi sikuwa mtu wa samaki. Nimezaliwa Itiryo, kwenye ng'ombe na mahindi, na samaki niliyemjua alikuwa ameshakauka. Nilifika Mugumu kufanya kazi ya udobi kwenye nyumba ya wageni ya Bwana Marwa. Siku moja Bwana Marwa alinunua tangi la kioo kwa mtu aliyekuwa anahama, akaliweka kwenye ukumbi wa chai, akajaza maji na samaki wadogo wa rangi. Mlango wa chumba changu cha kufulia ulitazamana nalo. Basi nikawa mtu wa tangi kwa sababu ya mlango.

Nina elimu ya darasa la saba. Nilichofanya ni kununua daftari la mistari, nikawa naandika kila siku: joto la maji, nani amekula, nani amejificha, nimebadilisha ndoo ngapi za maji. Mengine nilisoma kwenye simu polepole, nikikutana na neno gumu nauliza. Vijana, mkitaka kazi hii, anzeni na daftari. Tangi halisemi, lakini daftari la miezi mitatu litakuambia lilikuwa linataka kusema nini.

Mpishi wetu, Ghati, hakulipenda lile tangi hata kidogo.

"Mama Chacha, hao ni wa kuangalia tu?"

"Wa kuangalia tu."

"Mtu mzima unakaa unaangalia kitu kisichotosha hata mchuzi wa paka!"

Kosa la kwanza nitalitaja haraka, maana linanitia aibu. Nilisikia kuwa tangi linahitaji kambare wa chini. Mvuvi mmoja akaniletea kambare mtoto kutoka mto Mara, mzuri, ana sharubu, anatambaa chini. Nikasema sharubu ni sharubu. Baada ya miezi miwili alikuwa na urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko, na samaki wote wa rangi walikuwa wamehamia tumboni mwake. Bwana Marwa alisimama pale akasema, "Umenifugia mwizi." Mwizi yule aliishia kwa Ghati, na siku hiyo Ghati alilisifu tangi kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kambare wa mtoni mwacheni mtoni. Na kori naye, hata mkimchoka, msimpeleke mtoni. Kila mmoja na maji yake.

Sasa lile kosa letu.

Nilisoma kwamba kori anahitaji mchanga laini, kwa sababu ya sharubu. Kokoto zinazikata. Wakati huo nilikuwa naenda Kerende mara kwa mara, kwa dada yangu aliyeolewa huko, na mliofika Kerende mnajua: kuna karasha. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mawe yakishasagwa, yanaoshwa, dhahabu inatolewa, na kinachobaki kinarundikwa pembeni, kinaitwa marudio. Ni mchanga wa kijivu, laini kama unga, na jua likiupiga unametameta. Niliuona nikasema, huu ndio niliousoma! Shemeji akanijazia viroba viwili, akanisaidia na kuvipakia kwenye gari. Nilivyofika Mugumu niliuosha mara saba, kwa mikono mitupu, nikaimba. Nikautandaza kwenye tangi. Nikaweka kori sita.

Wiki ya kwanza walikuwa wazuri. Wiki ya tatu niliandika kwenye daftari: "Wanapekua kidogo." Wiki ya tano: "Hawapekui." Kisha mmoja akafa, halafu wawili. Nikamchukua mmoja aliye hai, nikamtia kwenye chupa kubwa ya plastiki yenye maji ya tangi, nikampeleka kwa Mzee Kashindi.

Mzee Kashindi ni mtu wa Kigoma. Katika ujana wake alikuwa mzamiaji: akishuka Ziwa Tanganyika kukamata samaki wa mapambo, akiwafungasha kwa wafanyabiashara waliowapeleka nje. Alikuja upande wetu kutafuta dhahabu kama wengi waliotoka mikoa mingine. Dhahabu haikumwona, basi akafungua banda la kinyozi pale Kerende, na ndani yake akaweka tangi. Watu walikwenda kunyolewa wakakaa saa mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Chacha. Lete hiyo chupa."

Aliishika juu kwenye mwanga wa mlango, huku mteja kwenye kiti akiwa na povu shavu moja. Akamwangalia samaki muda mrefu.

"Nani kamnyoa huyu?"

"Mzee?"

"Sharubu! Mimi nanyoa watu kutwa, kidevu kilichonyolewa nakijua. Umemwekea mchanga gani?"

"Laini kabisa, mzee. Wa hapa hapa. Marudio."

Mteja alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni. "Mura we! Samaki anachimba dhahabu!"

Mzee Kashindi hakucheka. Aliweka chupa chini, akanishika mkono, akanipeleka kwenye beseni lake, akamimina maji na sabuni. "Nawa. Mpaka kwenye viwiko. Uliuosha kwa mikono hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Wenzako wanakamatisha dhahabu kwa zebaki. Zebaki inabaki kwenye marudio. Unaijua zebaki?"

Niliijua. Kila mtu wa Nyamongo, huko kwenye machimbo ya Kerende, anaijua. Lakini nilikuwa nimeifikiria kama kitu cha wachimbaji, si kitu cha mtu anayetafuta mchanga mzuri. Nilinawa mara mbili.

Kisha akanieleza jambo ambalo nataka mliandike. Alichota marudio kidogo kwa kijiko kutoka kwenye kiroba cha jirani, akayaweka juu ya karatasi, akanipa kioo chake cha kukuzia. "Tazama." Kila punje ilikuwa na ncha. Kila moja! Kama vipande vya chupa. Halafu akachukua mchanga wa kwenye tangi lake, uliotoka mtoni. Punje zilikuwa zimeviringika kama mbegu.

"Laini si sawa na mviringo," alisema. "Hata glasi ukiisaga inakuwa laini. Mchanga wa mto umeviringishwa na maji miaka na miaka, ncha zimekwisha. Huu umevunjwa juzi na mashine. Samaki wako amekuwa akipekua nyembe."

Nilirudi Mugumu nimejiinamia. Niliwatoa waliobaki siku ile ile, lakini walikuwa hawawezi tena kula. Wote sita walikufa.

Bwana Marwa aliniita ukumbini. Hakuwa mtu wa kufoka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama Chacha, hapo nitaweka televisheni. Wageni wanaiulizia."

"Bosi, nimejua kosa liko wapi."

"Najua umejua. Kila mara unajua, samaki wakishakufa." Akakoroga chai yake. "Wewe unafua vizuri. Mashuka yangu yanasifiwa mpaka Musoma. Rudi kwenye mashuka."

Kufua si aibu; nililea watoto watatu kwa kufua. Lakini nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amepata kitu cha kufikiria hata mikono ikiwa kwenye povu. Tangi likiondoka, daftari linafungwa. Nikamwomba nafasi moja.

"Moja," alisema. "Mpaka mvua zianze. Na nitakuwa nahesabu mwenyewe. Nikiona wanapungua, namwita fundi."

Basi nikaanza upya. Marudio niliyarudisha Kerende kwa kiroba, nikiwa nimevaa glavu, yakarudi kwenye rundo lake; sikumwaga mtaroni wala mtoni. Majani, sponji, kila kilichogusa mchanga ule nilikitupa. Mchanga mpya niliupata kwenye kijito kimoja upande wa Ringwani. Niliupima kwa njia tatu, nanyi mpime hivyo hivyo. Sugua mchanga mbichi kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono. Ukiacha mikwaruzo myekundu, uache. Dondoshea ndimu, ukitoa povu una chokaa, na utayafanya maji kuwa magumu. Mwisho uangalie kwa kioo cha kukuzia, punje kwa punje, mpaka uridhike.

Mzee Kashindi alinipa sponji chafu kutoka kwenye chujio la tangi lake. Chafu hasa, ya kahawia, na alinikataza kuiosha. Ndani ya uchafu ule wanaishi vijidudu wanaokula sumu ya mkojo wa samaki. Tangi jipya halina vijidudu hao. Ni tangi bichi, na kori ukimtia kwenye tangi bichi umemuua. Niliiweka sponji ile, nikapanda majani, nikasubiri wiki sita bila samaki wa chini hata mmoja. Majani nayo yanahitaji muda huo, maana kori ni mpekuzi, atang'oa kila mche ambao haujashika. Yale majani mapana mafupi niliyafunga kwa uzi kwenye mti uliozama. Marefu yenye umbo la utepe niliyapanda nyuma, yakasambaa kama magugu shambani.

Wakati tangi linaiva nilikuwa nachagua samaki kwa simu. Vijana, kuchagua kori kwa simu kunawezekana, ila lazima uwe msumbufu. Nilimwambia muuzaji wa Dar es Salaam anitumie video wakati wanakula, si picha. Picha inadanganya. Kwenye video niliangalia sharubu, kama ni ndefu na zimelingana. Niliangalia tumbo: likiwa limebonyea nyuma ya kichwa, huyo amekaa na njaa muda mrefu na hatapona. Wekundu tumboni, hapana. Pezi la mgongoni lililolala muda wote, hapana. Anayehema haraka wakati wenzake wametulia, hapana. Nikamuuliza wamekaa dukani siku ngapi. Akasema wamefika jana.

"Basi nitasubiri wiki mbili."

"Mama, watu wa huko mna masharti!"

"Wakivuka wiki mbili kwako, ndio wazima. Na nataka kumi wa aina moja, usinichanganyie. Wakiwa wa aina moja wanakaa kundi."

"Nikuongezee huyu mkubwa mla uchafu? Zawadi."

"Atakuwa na urefu gani?"

"Atakua kidogo."

Nilikataa zawadi. Nilikuwa nimeshafuga mwizi. Na hakuna samaki wa kula uchafu, hilo lisahauni kabisa. Kori anahitaji chakula chake mwenyewe kinachozama. Akiachiwa mabaki ya wa juu, anakonda huku wewe unajisifu kuwa tangi ni safi.

Nilimwagiza pia asiwalishe siku moja kabla ya safari ili wasichafue maji, na awafunge wawili wawili. Kori wana miiba kwenye mapezi, na wakibanana kwa hofu wanatoa sumu yao wenyewe ndani ya mfuko, wakauana. Halafu nikamuuliza maji yake: joto, ugumu, uchachu. Akanipimia, nikaandika. Hesabu hizo tatu ndizo zilizowaokoa, ingawa wakati ule sikujua.

Basi lililowabeba liliharibika njiani. Safari ya siku moja na kitu ikawa karibu siku mbili. Nilisubiri stendi ya Tarime tangu alfajiri, na baridi ya Tarime asubuhi mnaijua. Boksi liliposhushwa nililifungua kifuniko, nikaona mifuko mitano. Nikampigia Mzee Kashindi.

"Mzee, wamekaa siku mbili."

"Maji yana rangi gani?"

"Kama chai ya rangi iliyokosa majani."

"Wanahema?"

"Haraka haraka. Nifungue wapate hewa?"

"Usifungue!" Nilisogeza simu kutoka sikioni. "Usifungue hapo! Mfuko ukifungwa, pumzi yao inayachachua maji, na ule uchachu unaufunga mkojo usiwe sumu kali. Ukifungua tu, uchachu unatoka, sumu inaamka. Ukishafungua, uwe tayari kumaliza. Umenielewa?"

Nilimwelewa, na papo hapo nikaona tatizo. Nilichokuwa nimesoma kinasema hivi: fungua mfuko, dondoshea humo maji ya tangi taratibu kwa saa nzima, samaki azoee. Njia hiyo ni nzuri kwa samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili. Kwa hawa wangu, ingekuwa saa nzima ya kuwaloweka kwenye sumu. Lakini kuwatupa moja kwa moja kwenye tangi nako ni mshtuko, maana maji yetu ya Mugumu na ya Dar si ndugu. Kutoka Tarime, kupita Nyamongo mpaka Mugumu, boksi likiwa mapajani, niliwaza jambo moja tu. Nilipofika nilikuwa na jibu.

Nilitengeneza maji ya yule muuzaji! Nilikuwa na hesabu zake tatu kwenye daftari. Nilichukua ndoo safi, nikachanganya maji ya kisima na maji ya mvua ya kwenye simtanki, nikapima kwa vile vikaratasi vya kubadilika rangi, nikaongeza, nikapima tena, mpaka ndoo ikafanana na Dar es Salaam. Wakati huo mifuko ilikuwa inaelea kwenye tangi ikiwa imefungwa, taa imezimwa, joto likilingana. Nusu saa. Joto la ndoo nalo nikalilinganisha. Kisha nikakata mfuko wa kwanza, na bila kupoteza hata dakika nikawahamisha wale wawili kwenye ndoo kwa kikombe. Kwa kikombe, si kwa wavu! Miiba ya kori inanasa kwenye nyuzi, na ukimnasua kwa nguvu unamvunja pezi, na yeye anakuchoma, na uchungu wake ni kama wa nyuki. Maji ya mfuko nikayamwaga chooni. Mfuko wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano.

Sasa walikuwa kwenye maji safi yanayofanana na ya kwao, na sumu imebaki nyuma. Hapo ndipo nikawa na haki ya kwenda taratibu. Nilikuwa nimenunua duka la dawa mrija mpya wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kupunguza. Upande mmoja kwenye tangi, mwingine kwenye ndoo. Matone mawili kwa sekunde.

Ghati alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko.

"Toba! Samaki wamewekewa dripu?"

"Nyamaza, Ghati, nahesabu matone."

"Wana malaria au taifodi?"

Lakini hakuondoka. Baada ya muda niliona amevuta stuli. Mmoja wa kori aliruka juu, akameza hewa, akazama. Ghati akapiga kelele, "Anakufa! Mama Chacha, anakufa!" Hakuwa anakufa. Kori humeza hewa juu mara moja moja, ndivyo alivyoumbwa. Akifanya hivyo kila dakika ndipo uwe na wasiwasi. Baada ya saa moja na nusu, maji ya ndoo yalikuwa yameongezeka mara tatu na vipimo vya ndoo na vya tangi vilikuwa sawa. Nikawahamisha kwa kikombe, taa ikabaki imezimwa mpaka kesho yake, wala sikuwapa chakula.

Mmoja, aliyefika akiwa amelala ubavu, alikufa siku ya tatu. Tisa waliishi. Nawaambia, siku ya nne niliwaona wote tisa wakipekua ule mchanga wa Ringwani, sharubu zimezama mpaka machoni, mchanga ukitokea kwenye mashavu, nikakimbia chumba cha kufulia nikarukaruka peke yangu kati ya mashuka.

Tatizo lilikuwa Bwana Marwa na hesabu yake. Kila asubuhi alikuja na kikombe cha chai, anainama.

"Saba."

"Wako tisa, bosi. Wawili wako nyuma ya mti."

Majani yaliendelea kusambaa, na jua la mlangoni lilikuwa linawapiga asubuhi, wakawa wanajificha. Ikawa sita. Ikawa tano.

"Bosi, wapo. Wanapenda kivuli."

"Mama Chacha, samaki nisiyemwona hayupo."

Mvua ya kwanza ilipiga mchana mmoja, kubwa, mabati yakanguruma. Asubuhi ile alikuwa amehesabu wanne. Alisimama barazani akiitazama, akasema bila ukali, "Mvua ndiyo hiyo. Fundi anakuja kesho kupima ukuta."

Nilijua wako tisa. Nilikuwa nawalisha jioni, nawaona. Ningeweza kung'oa majani ili waonekane, lakini ningechafua maji na kuwatisha. Ndipo nikakumbuka nilichosoma: huko kwao, mvua za kwanza zinapopooza mito, kori wanachangamka, wanatoka, wanatafutana. Nikasema, nami nitawapelekea mvua.

Nilisubiri mabati yaoshwe kwanza, maana maji ya mwanzo yana vumbi la miezi. Kisha nikakinga. Maji ya mvua yalikuwa nyuzi kumi na tisa, tangi nyuzi ishirini na tano. Nilitoa robo ya maji ya tangi, nikarudisha ya mvua kwa jagi dogo, polepole kwa saa nzima, mpaka kipimajoto kikasoma ishirini na tatu na nusu. Nikaishia hapo. Zaidi ya hapo ungekuwa ugonjwa.

Asubuhi fundi alifika mapema, na futi yake ya kuvuta mkononi. Bwana Marwa alitoka na chai. Mimi nilikuwa nimeshafika, nimesimama mbele ya tangi.

Walikuwa wanakimbizana! Wote, kutoka pembe hadi pembe, juu na chini, mbele kabisa ya kioo. Jike mmoja mnene alikuwa anapanda taratibu, mapezi yake mawili ya tumboni yamekunjwa kama viganja vilivyobeba kitu. Akakisafisha kioo kwa mdomo, akabonyeza tumbo lake pale, akaondoka. Palibaki punje tatu nyeupe, kila moja sawa na ulezi.

Bwana Marwa aliinama. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Alihesabu mara mbili.

"Tisa," alisema. "Walikuwa wapi?"

"Humu humu, bosi."

"Na hivyo anavyobandika?"

"Mayai."

Akaweka kikombe chini. "Wanazaa? Hapa Mugumu?"

"Wanazaa, bosi."

Ghati alikuwa ameshatoka jikoni, na wageni wawili walikuwa wamesimama na mikate yao. Fundi akakohoa. "Bosi, nianzie upande gani?"

Bwana Marwa hakugeuza kichwa. "Pima ukuta mwingine," alisema, akavuta kiti akakaa mbele ya tangi. Mimi nilikuwa nimeshakunja mikono ya gauni, kwa sababu kori hula mayai yao wenyewe, na kwenye kioo kulikuwa na mayai arobaini na moja ya kuokoa.